Msimamizi Anataka Niyaondoe Mashamba "Yaliyoharibu" Utafiti Wangu wa Uzazi wa Ng'ombe

Kwako Mwalimu,

Pokea salamu zangu kutoka Kangemi. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, na utafiti wangu unahusu uzazi wa ng'ombe wa maziwa. Nimekuwa nikifuatilia ng'ombe wa wafugaji wadogo katika Kaunti ya Kiambu tangu wanapozaa hadi wanaposhika mimba tena, nikilinganisha njia mbili za kuwachochea kwa homoni waingie kwenye joto ili wahimilishwe, yaani wapandikizwe mbegu za fahali, kwa wakati uliopangwa. Tulitarajia kuonyesha kwamba njia ya pili, ambayo ni ghali zaidi, huwafanya ng'ombe wengi zaidi washike mimba katika uhimilishaji wa kwanza.

Matokeo hayakusema hivyo. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni ndogo kiasi kwamba mtakwimu wetu amekataa kuiita tofauti. Kilichojitokeza ni tofauti kati ya shamba na shamba: kuna wafugaji ambao karibu ng'ombe wao wote walishika, na kuna wengine ambao ng'ombe wao wanarudia joto kila mara, ilhali wote walipata dawa zile zile nilizowadunga mimi mwenyewe. Uhimilishaji wenyewe ulifanywa na madaktari wa mifugo wa kila eneo ambao wafugaji wamewazoea. Nilichukua pia sampuli za maziwa kabla ya kuanza dawa, na nyingine siku ya uhimilishaji, lakini fedha ziliisha kabla sijazipima, kwa hiyo zimo kwenye friza hadi leo.

Nilipompelekea msimamizi wangu matokeo, alisema kwamba mashamba yale mabaya "yameharibu" utafiti kwa sababu lishe yake ni duni, na kwamba nikiyaondoa, njia ya pili itaonekana bora na makala itapata jarida la kuichapisha. Hakuniamuru. Alinishauri kwa upole, nami namheshimu sana, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kuipapasa ovari na kuijua kwa vidole kabla sijawahi kugusa mashine ya ultrasaundi.

Msimamizi huyo huyo ameniambia kwamba kuna nafasi ya uzamivu katika mradi wa kutengeneza viinitete vya ng'ombe, yaani mimba changa kabisa, maabarani, na kwamba huko ndiko sayansi inakoelekea, si kwenye mazizi ya Kiambu. Wakati huo huo kampuni moja inayouza mbegu za fahali imenipa ahadi ya kazi yenye mshahara mzuri na gari. Mume wangu angependa niichukue kazi hiyo. Mama yangu naye anaona haya kuwaeleza kina mama wenzake wa kanisani kwamba binti yake, aliyesomeshwa kwa pesa za majani chai, hushinda na mkono ndani ya ng'ombe. Na linaloniuma zaidi ni kwamba ameniambia dawa hizi za uzazi wa ng'ombe ndizo zitakazoninyima mtoto. Tumeoana hivi karibuni na tunatamani mtoto. Sijui kama nimcheke au niogope.

Nifanye nini?

Mtafiti, Kangemi

*

Binti yangu,

Nitaanza na mama yako, kwa kuwa katika barua yako yote yeye ndiye uliyemtaja kwa wepesi zaidi, na katika hilo la dawa ana sehemu ya ukweli. Prostaglandini, ambayo bila shaka imo katika njia zako zote mbili, hupenya ngozi. Ndani ya ng'ombe huivunja ile tezi ya muda inayobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, na hivyo kumrudisha kwenye joto. Katika mwili wa mwanamke inaweza kuufanya mfuko wa uzazi ubane hadi mimba ikatoka, na kwa mtu mwenye pumu inaweza kuibana njia ya hewa. Haimfanyi mtu kuwa tasa, na hapo ndipo hofu ya mama yako inapovuka mpaka. Lakini mwanamke anayetafuta mtoto hapaswi kuishika bila glavu, hapaswi kutembea na sindano iliyojazwa mfukoni mwa koti, na ikimmwagikia anapaswa kunawa papo hapo kwa maji na sabuni. Mwezi wowote unaodhani huenda una mimba, mpe mwenzako adunge, nawe uandike. Projesteroni, homoni ambayo tezi hiyo huitoa, imo katika kile kifaa kinachowekwa ukeni mwa ng'ombe, nayo hushikwa kwa glavu. Na usisahau hatari ambayo haimo kwenye chupa: ugonjwa wa bruselosi, ambao humfikia mtu kupitia kondo la nyuma, ndama aliyetoka kabla ya wakati na maziwa mabichi, ni tishio kubwa kwa mimba yako kuliko dawa nyingi unazozibeba. Mweleze mama hayo yote, pamoja na hatua unazochukua. Ataogopa kidogo kuliko sasa.

Kuhusu kina mama wa kanisani sina mengi. Waambie kwamba Robert Edwards, ambaye kazi yake iliwezesha kuzaliwa kwa Louise Brown nchini Uingereza mwaka 1978, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa mimba nje ya mwili wa mama yake, alianza chuoni kwa kusomea kilimo, akafanya uzamivu wake juu ya uzazi wa panya katika taasisi ya jenetiki ya wanyama mjini Edinburgh, na mwaka 2010 akapewa Tuzo ya Nobeli. Huenda kanisani kwenu wapo wazazi waliopata mtoto kwa njia hiyo bila kumwambia mtu.

Sasa tuje kwenye mashamba.

Kuondoa mashamba baada ya kuona matokeo yake, kwa sababu ya matokeo hayo, si kusafisha data. Ni kuyachagua majibu. Zipo sababu halali za kumwondoa ng'ombe katika uchambuzi: ameuzwa katikati ya utafiti, amekufa, ameruka sindano moja. Sababu hizo huandikwa katika pendekezo la utafiti kabla ya ng'ombe wa kwanza kudungwa, na humhusu kila ng'ombe, aliyeshika na ambaye hakushika. Kama pendekezo lako halikusema kwamba shamba lenye lishe duni litaondolewa, basi lishe duni ni sehemu ya ulichokipima. Tena fikiria ni nani atakayelipa. Makala ikitoka ikidai kwamba njia ya ghali inashinda, atakayeinunua ni mfugaji wa Githunguri au Limuru mwenye ng'ombe wawili, naye hatajua kwamba ng'ombe wanaofanana na wake waliondolewa kwenye hesabu ili dawa ionekane nzuri.

Hata hivyo sidhani kwamba msimamizi wako ni mtu mbaya, na nakuomba usimwendee kana kwamba ni mshtakiwa. Watafiti wengi wa kizazi chetu walifundishwa kwamba utafiti usioonyesha tofauti ni utafiti ulioshindwa, na majarida yakaiimarisha imani hiyo. Mwambie kwamba ungependa kuwasilisha uchambuzi wa mashamba yote kama jibu kuu, kisha uchambuzi wa pili unaoyatenganisha mashamba kwa hali ya mwili wa ng'ombe, ukitajwa wazi kwamba ulifikiriwa baadaye. Hapo wazo lake la lishe litakuwa limepewa nafasi yake, tena nafasi ya heshima, bila kumfuta mfugaji yeyote. Kama una msimamizi wa pili, mhusishe tangu mwanzo, si baada ya ugomvi.

Lakini jambo lililonifanya niisome barua yako mara mbili ni zile sampuli za maziwa, ambazo umezitaja kana kwamba ni deni dogo la dukani. Binti yangu, utafiti wako umo ndani ya friza hiyo.

Prostaglandini haina kazi kama hakuna tezi ya kuvunja. Ng'ombe aliyezaa na kuanza kutoa maziwa mengi huku akila pungufu huchoma mafuta ya mwili wake mwenyewe. Akikonda sana, ubongo wake hupunguza mapigo ya homoni inayolikomaza yai, ovari hukaa kimya, naye hukaa miezi bila kuwa na mzunguko wowote. Kumdunga ng'ombe wa namna hiyo kwa kufuata kalenda ni kubisha kwenye nyumba isiyo na mtu. Na hata ukimtazama huwezi kumjua kwa urahisi, maana ng'ombe wa zizini Kiambu, aliye peke yake au na mwenzake mmoja juu ya saruji inayoteleza, hana wa kumpanda wala wa kupandwa naye, na kusimama tuli anapopandwa na wenzake ndiyo dalili ya joto tunayoiamini kuliko zote. Mfugaji akisema "hajaonyesha joto", anaweza kuwa anasema ovari imelala, na anaweza vilevile kuwa anasema joto lilipita usiku watu wakiwa wamelala.

Projesteroni iliyomo katika maziwa hutenganisha mambo hayo. Kama ulichukua sampuli mbili kabla ya dawa zikiachana kwa siku 10 hivi, na zote mbili zikawa chini, ng'ombe huyo yaelekea hakuwa na mzunguko. Ikiwa mojawapo iko juu, ovari ilikuwa kazini. Ikiwa sampuli ya siku ya uhimilishaji iko juu, basi ng'ombe alihimilishwa akiwa hayuko kwenye joto kabisa, na hakuna mbegu duniani ambayo ingemsaidia. Na ikiwa ng'ombe alikuwa na mzunguko, akawa kwenye joto siku hiyo, na bado hakushika, basi una haki ya kuugeukia mtungi wa naitrojeni ambamo mbegu huhifadhiwa.

Hapo utahitaji busara, kwa sababu mtungi una mwenyewe. Mbegu iliyogandishwa hukaa katika nyuzi 196 za selsiasi chini ya sifuri. Daktari anayekinyanyua kikapu hadi shingoni mwa mtungi na kukiacha hapo akitafuta jina la fahali huzipasha joto hata zile mbegu asizozichukua, na akizirudisha huganda tena, kwa hiyo hakuna jicho linaloweza kuona kwamba zimeharibika. Mrija wenye mbegu unapaswa kuyeyushwa katika maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa angalau nusu dakika, si ndani ya kiganja wala kwapani, nami nimeviona vyote viwili. Kenya imekuwa na kituo cha kitaifa cha uhimilishaji tangu mwaka 1946, kile ambacho leo ni Kituo cha Rasilimali za Kijenetiki za Wanyama pale Lower Kabete, na mbegu zinazotoka vituoni huwa zimepimwa. Kati ya kituo na ng'ombe kuna pikipiki, mvua, na mtu mmoja anayelipwa kwa kila ng'ombe anayemhudumia. Ukigundua kwamba mashamba yako mabaya yanahudumiwa na daktari mmoja, usimtaje jina katika tasnifu. Nenda ukae naye siku nzima, umpimie mtungi wake, umsaidie. Kisha andika kuhusu mitungi, si kuhusu yeye.

Mashamba yasiyofuata matarajio yamewahi kuwa na manufaa makubwa katika fani hii, ingawa safari ile yalikuwa chupa. Mwaka 1949, huko London, Chris Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walitangaza kwamba gliseroli huilinda mbegu ya jogoo isife inapogandishwa. Walikuwa wakijaribu kutumia sukari, bila mafanikio ya maana, hadi siku moja mchanganyiko wa zamani uliotolewa kwenye chumba cha baridi ukafanya kazi, ilhali sukari mpya ilikataa. Wangeweza kuitupa siku hiyo kama hitilafu. Badala yake waliupima umajimaji uliobaki, wakakuta kwamba lebo ilikosewa na ndani ya chupa kulikuwa na gliseroli na protini ya yai. Kila mrija wa mbegu unaoshika asubuhi umetokana na udadisi huo.

Mradi wa viinitete, basi. Msimamizi wako amekosea anapouweka upande mmoja na mazizi upande mwingine, na kosa hilo litaugharimu mradi wake. Kiinitete kilichotengenezwa maabarani hukuzwa kwa siku saba hivi, kisha lazima kiingie katika mfuko wa uzazi wa ng'ombe mpokeaji ambaye naye yuko takribani siku ya saba tangu joto lake, mwenye ile tezi ya ovari iliyo hai na inayotoa projesteroni ya kutosha. Maabara ikishafanya sehemu yake, kila kitu kinarudi kwenye maswali yako: je, mpokeaji ana mzunguko, je, joto lake lilionekana lini, je, anakula nini? Kiinitete ni ghali kuliko mrija wa mbegu mara nyingi, hivyo kukipoteza kwa mpokeaji aliyekonda kunauma zaidi. Mtu anayejua kwa nini ng'ombe wa shamba hili hushika na wa shamba lile hawashiki ndiye ambaye miradi ya aina hiyo humtafuta imeshachelewa.

Kwa hiyo ningekushauri uikubali nafasi ya uzamivu, lakini kwa sharti linaloandikwa kwenye pendekezo tangu mwanzo: kwamba sehemu moja ya tasnifu yako iwe juu ya wapokeaji katika mashamba madogo, ikiwa na bajeti yake ya kupima projesteroni. Wakikataa sharti hilo, tafuta kwingine, kwa maana utakuwa unaingia katika kazi ya kuendesha mashine ya mtu mwingine. Maabara yenyewe usiidharau. Ujuzi wa kukomaza yai na kulirutubisha nje ya mwili unavuka mipaka ya ng'ombe: mayai ya Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho walioko Ol Pejeta kule Laikipia, yalipoanza kuvunwa mwaka 2019 yalipelekwa Cremona, Italia, kwa Cesare Galli, daktari wa mifugo ambaye maabara yake ilikuwa imejijengea sifa kwa ng'ombe na farasi. Ningefurahi siku moja mayai kama hayo yasihitaji kupanda ndege.

Kazi ya kampuni nayo si dhambi, na mume wako hajakosea kufikiria kodi ya nyumba. Ruzuku za utafiti hapa kwetu huchelewa, na mtoto mnayemtamani hatasubiri. Kabla ya kutia saini, waulize swali moja na uombe jibu kwa maandishi: nikipata takwimu zinazoonyesha kwamba mbegu za fahali fulani wenu hazishikishi vizuri, je, naweza kuzichapisha? Wakisema ndiyo, hiyo ni kampuni ya kufikiriwa kwa uzito, hata ikiwa kwa miaka michache kabla ya uzamivu. Wakizungukazunguka, utakuwa muuzaji mwenye shahada, jambo ambalo ni riziki halali, ila usiliite utafiti. Mketi na mume wako mbele ya karatasi, mhesabu kiasi cha chini kabisa mnachohitaji kwa mwezi, kisha muulize mradi wa viinitete posho yake ni kiasi gani na hulipwa kila baada ya muda gani. Wanafunzi wengi huona aibu kuuliza hilo, na waajiri wao hufaidika na aibu hiyo.

Kwanza kabisa, hata kabla ya kumjibu msimamizi, hakikisha friza ile ina umeme wa akiba na kwamba lebo za sampuli bado zinasomeka. Halafu tafuta fedha za kuzipima. Idadi yake si kubwa kwa maabara iliyo na vifaa, na hapa Nairobi zipo kadhaa, za serikali na za kimataifa, ambazo mara nyingine hukubali kumpimia mwanafunzi kwa gharama ya vitendanishi tu, yaani kemikali za kupimia, akija na barua ya chuo. Ikibidi, pima kwanza zile za mashamba mazuri kabisa na mabaya kabisa, ukieleza waziwazi katika tasnifu namna ulivyozichagua. Ukiwa na majibu hayo mezani, mazungumzo yako na msimamizi hayatakuwa tena juu ya mashamba gani yaondolewe.

Mwalimu